Mhitimu wa ubunifu wa mavazi na kazi asiyoitaka: uchambuzi wa kisa kimoja

Mhusika wa kisa hiki simtaji jina, na baadhi ya mambo yake nimeyachanganya na ya wenzake waliopita njia ileile, ili asitambulike. Kiini hakijabadilika. Alimaliza shahada ya ubunifu wa mavazi akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake. Onyesho lake la mwisho lilipigiwa makofi na picha zake zikasambaa. Mwaka na nusu baadaye alikuwa akiuza nguo dukani kwa zamu, na jioni akirudi nyumbani anatuma maombi ya kazi. Maombi yote yaliomba nafasi moja: mbunifu. Wengi hawakujibu. Waliojibu walimtakia kila la heri.

Aliponijia hakuwa akitafuta ushauri wa jumla. Alikuwa na mambo manne mezani, yaliyomfikia karibu kwa wakati mmoja, na alitakiwa kuamua upesi. La kwanza: mafunzo kwa vitendo ya miezi sita kwenye studio ya chapa inayojulikana, bila mshahara, posho ya nauli tu. La pili: rafiki yake wa chuo alitaka waanzishe chapa yao, na familia ya rafiki huyo ilikuwa tayari kutoa mtaji wa kuanzia. La tatu: mkataba mfupi wa kumsaidia msimamizi wa mavazi kwenye tamthilia ya jukwaani. La nne hakulitaja mpaka nilipomuuliza kama hayo ndiyo yote, akalitaja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo: kampuni inayotengenezea nguo maduka makubwa ilikuwa inatafuta msaidizi wa fundi sanifu wa mavazi. Kupima sampuli, kuandika maelekezo ya kiwanda, kufuatilia vipimo.

Msomaji ajue mapema naegemea wapi. Nimefanya kazi zaidi upande wa uzalishaji kuliko upande wa majukwaa.

Alichokuja nacho

Potifolio yake ilikuwa nene. Kurasa karibu zote zilikuwa michoro ya wanawake warefu wasio na nyonga, nguo zikipepea kwa upepo usiojulikana unavuma kutoka wapi. Michoro ilikuwa mizuri, sikatai. Mkono wake mwepesi, na rangi anazijua. Ila mtu anayeajiri ameangalia potifolio za aina hiyo tangu asubuhi, na mchoro wa mtindo haumwambii kama aliyeuchora anajua zipu itakaa wapi.

Karatasi iliyonisimamisha ilikuwa ya mwisho kabisa, imebanwa nyuma ya nakala ya cheti. Ilikuwa jedwali la vipimo vya koti la mvua alilolitengeneza akiwa mwaka wa tatu. Upande mmoja kulikuwa na mchoro bapa wa koti, mbele na nyuma, bila mwili ndani yake. Upande wa pili kulikuwa na sehemu za kupima, kila moja na kipimo chake na kiasi cha kosa kinachovumilika: kifua sentimita 1 juu au chini, kola nusu sentimita. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli kwamba mshono wa bega usogezwe mbele ili mkanda wa begi la mgongoni usiukalie, kwa sababu kila tundu la sindano kwenye koti la mvua ni njia ya maji, na utepe unaoziba mshono huchubuka pale panaposuguliwa. Chini yake kulikuwa na neno jingine: bitana ya mkono iwe ndefu kidogo kuliko kitambaa cha nje, la sivyo koti litamvuta mvaaji kila anapoinua mkono.

Nikamuuliza kwa nini karatasi hii iko nyuma ya zote. Akasema aliambiwa chuoni kwamba haina mvuto.

Kwangu mimi kisa kilianzia hapo. Shahada ya ubunifu wa mavazi hufundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kubuni sura ya nguo, na kuifanya sura hiyo iwe nguo inayovalika, inayoshoneka kiwandani na inayouzika kwa faida. Onyesho la mwisho wa masomo hulipigia makofi jambo la kwanza. Waajiri wengi hulipia jambo la pili, na mhitimu anayeomba kazi kwa jina la “mbunifu” pekee anajipanga kwenye foleni ndefu kuliko zote huku ameficha kitu ambacho wengi kwenye foleni hiyo hawana.

Studio ya chapa inayojulikana

Hili ndilo alilokuwa amelichagua moyoni. Sababu yake ilieleweka: jina kubwa kwenye wasifu hufungua milango, na ndani ya studio unaona jinsi msimu unavyojengwa tangu rangi na vitambaa mpaka onyesho. Mafunzo mazuri yapo. Swali nililomtaka aulize lilikuwa moja tu: asubuhi ya siku ya kawaida, mtarajali wa studio hiyo anafanya nini? Akampigia aliyemtangulia. Jibu lilikuwa kupiga pasi sampuli, kubeba vitambaa kutoka kwa wauzaji, kupanga vipande vya rangi ukutani na kusubiri wakati wa onyesho. Hakuna aliyemruhusu kugusa kiolezo, yaani ile karatasi yenye umbo la kipande cha nguo ambayo kitambaa hukatwa kwa kuifuata.

Miezi sita bila mshahara inawezekana kwa mwenye mtu wa kumlipia kodi. Huyu hakuwa naye. Tulikubaliana kwamba kama studio ingemweka chumba cha violezo hata siku mbili kwa wiki, hesabu ingebadilika. Aliomba. Wakakataa kwa upole. Sina zaidi la kusema hapa, maana jambo lenyewe lilijiamua.

Chapa ya marafiki wawili

Hapa tulikaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wahitimu wengi hupoteza fedha za wazazi.

Mpango wao ulikuwa na mitindo sita. Nilimwomba aandike idadi. Kila mtindo rangi tatu, kila rangi saizi tano. Hiyo ni aina 15 za kipande kimoja kabla hujashona chochote. Viwanda vingi huweka kiwango cha chini cha oda kwa kila rangi, na wao walikuwa wameambiwa vipande 100. Rangi tatu ni vipande 300 kwa mtindo mmoja, na mitindo sita ni vipande 1,800, vilivyolipiwa kitambaa, vifungo na ushonaji kabla mteja wa kwanza hajatoa hata sarafu. Wakiuza kwa maduka, duka hulipa baada ya kupokea mzigo, mara nyingi siku 30 au 60 baadaye, na wakati huo kitambaa cha msimu unaofuata kinatakiwa kununuliwa.

Halafu kuna bei. Nguo iliyogharimu 10 kuitengeneza huuzwa kwa duka kwa 20 au zaidi, na duka nalo huizidisha tena mara mbili au zaidi ya hapo. Mteja anaiona kwenye 45 au 50. Marafiki hawa walikuwa wamepiga hesabu ya kuuza moja kwa moja kwa 25, wakifurahia faida ya 15. Wakasahau kwamba katika 15 hiyo wamo mpiga picha, usafirishaji, zinazorudishwa, zisizouzika na mishahara yao wenyewe. Siku duka lingetaka kuchukua mzigo wao, wasingekuwa na nafasi ya kulipa punguzo.

Sikumwambia aache. Nilimwambia wapunguze mpaka mtindo mmoja, rangi mbili, na watafute karakana ndogo inayokubali oda ya vipande 30 kwa bei ya juu zaidi kwa kila kimoja. Faida kwa kipande inashuka, lakini wakikosea wanabaki na begi moja la nguo badala ya ghala. Jambo la pili nililomwambia lilimuuma kidogo: kati yao wawili hakuna aliyekuwa amewahi kuona oda ikiharibika. Rafiki alijua kuuza, yeye alijua kuchora, na nafasi ya kumjibu mwenye kiwanda anaposema “kitambaa kimesinyaa baada ya kufuliwa, tufanyeje” ilikuwa wazi.

Giorgio Armani, mbunifu wa Italia, hutajwa sana kwenye mazungumzo kama haya, na hutajwa kwa namna isiyo sawa, kana kwamba alianza kwa kufungua chapa yake. Alianza kwenye duka kubwa la La Rinascente huko Milano, akipanga madirisha na kuuza, kisha akabuni nguo za kiume kwa Nino Cerruti kwa miaka kadhaa. Kampuni yake aliianzisha 1975 pamoja na Sergio Galeotti, akiwa ameshavuka miaka 40. Alipofungua mlango wake alikuwa anajua mteja anagusa wapi na kitambaa kinafanya nini.

Jukwaani

Mkataba wa tamthilia ulikuwa wa wiki chache na malipo yake yalikuwa ya wastani. Mhitimu aliuona kama kazi ya kupitisha muda. Nadhani alikosea kuudharau, ingawa mwishowe hakuuchukua.

Mavazi ya jukwaani yana fundisho ambalo kiwanda hakitoi. Nguo lazima ivuliwe na kuvaliwa gizani kwa sekunde chache, kwa hiyo vifungo vinavyoonekana mbele ni vya uongo na chini yake kuna vishikizo vya chuma vya kubonyeza au utepe wa kunasa. Lazima ifuliwe na kukauka kabla ya onyesho la kesho. Lazima ibaki na akiba ya kitambaa kwenye mishono, maana mwigizaji akibadilishwa nguo inafunguliwa na kushonwa upya kwa mwili mwingine. Na anayeivaa anaruka, anapiga magoti, anaanguka.

Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa Black Panther na tena 2023 kwa filamu iliyoifuata, hakutokea kwenye majukwaa ya mitindo. Mizizi yake ni tamthilia. Na Alexander McQueen, ambaye kila mwanafunzi wa mavazi anamjua kwa maonyesho yake, aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kujifunza ushonaji wa suti Savile Row, mtaa wa mafundi suti wa London, kwa Anderson & Sheppard, akapitia Gieves & Hawkes, kisha kwa washonaji wa mavazi ya jukwaani wa London. Alipoingia chuo cha Central Saint Martins kwa shahada ya uzamili, aliyomaliza 1992, mikono yake ilikuwa imeshakata nguo kwa miaka. Watu huanza kuisimulia hadithi yake kwenye onyesho la kuhitimu. Miaka ya mkasi wanairuka.

Shida ya mlango huu ilikuwa mwendelezo. Kazi za jukwaa na filamu huja kwa kujuana, mradi ukiisha unarudi kusubiri simu, na huyu alikuwa na deni la masomo linalodai kila mwezi. Nilimwomba asiikatae kwa jeuri. Alimwandikia msimamizi wa mavazi barua nzuri, akasema safari hii hawezi lakini angependa kuitwa tena. Anaitwa mpaka leo, kwa kazi za mwisho wa wiki.

Kazi asiyoitaka

“Nisome miaka yote hiyo nikapime mashati?” Ndivyo alivyosema. Ni swali halali, kwa hiyo tuliangalia kazi yenyewe badala ya jina lake.

Fundi sanifu wa mavazi anakaa kati ya mchoro na kiwanda. Mbunifu anachora shati na kuandika “shona vizuri”. Fundi sanifu anaandika mshono wa ubavu uwe 516, yaani ule ambao mashine moja hushona na kupiga ovaloki kwa pamoja, na mshono wa juu wa kola uwe 301, ule wa cherehani ya kawaida, akitaja na idadi ya mishono kwa inchi. Namba hizo zinatoka kwenye viwango vya kuainisha mishono vinavyotumika kimataifa, na mwenye kiwanda asiyezungumza lugha yako anazielewa bila mkalimani. Anaandika uzi gani, kifungo cha ukubwa gani, lebo inakaa wapi, saizi zinaachana kwa sentimita ngapi kifuani. Faili la maelekezo hayo likiwa na pengo, kiwanda kinaliziba kwa njia iliyo rahisi kwake, na nguo zinarudi zikiwa na sura ambayo hakuna aliyeibuni.

Kisha sampuli zinaanza kuja. Ya kwanza ni ya kuona kama wazo linasimama. Inafuata ya kujaribisha mwilini, kisha za saizi zote, kisha ile inayotiwa sahihi kabla uzalishaji haujaanza. Kila hatua kuna mtu anayeamua kama nguo iende mbele au irudi. Mzigo ukikamilika kuna ukaguzi, na hapo pia kuna sheria. Katika shehena ya mashati 2,000, mkaguzi anayefuata jedwali la ISO 2859-1 kwa kiwango cha kawaida huvuta mashati 125. Kikomo cha ubovu kinachokubalika kikiwa asilimia 2.5, mabovu 7 yanapita. La 8 linakataa shehena nzima.

Nilimwambia kwamba mtu anayejua haya yote ndiye anayeulizwa, “Je, tunaweza kuitengeneza?” Mbunifu mwenye jibu la swali hilo kichwani ana uhuru mkubwa wa kuchora, kwa sababu hakuna anayeweza kumtisha kwa neno “haiwezekani”.

Aliichukua, kwa shingo upande, na kwa masharti mawili aliyojiwekea mwenyewe: kila mwaka atengeneze nguo zake chache tangu mchoro hadi kipande kilichokamilika, na baada ya miaka miwili ajipime upya.

Suruali ya kukaa

Mwezi wake wa kwanza ulikuwa wa kuchosha. Kupima, kuandika, kupima tena. Tepu iliyovutwa kidogo inatoa jibu tofauti na tepu iliyolazwa, na alirudishiwa jedwali zima kwa sababu alikuwa akipima kiuno cha lastiki kikiwa kimevutwa pale ambapo kampuni hupima kikiwa kimelegea.

Baadaye ikaja suruali ya kazi, ya kike. Kwenye sanamu ya kuvalishia nguo ilikaa vizuri sana. Alitaka kuipitisha. Mama mmoja fundi wa chumba cha sampuli, aliyekuwa amekaa kwenye cherehani miaka mingi kuliko umri wa binti huyu, akamwita modeli wa vipimo na kumwambia akae kwenye kiti. Kiuno kikashuka nyuma, mbele kukajitokeza mikunjo inayoanzia kwenye maungio ya mapaja na kutawanyika kuelekea nyonga.

“Mwanangu,” akasema, “suruali hii umeipitisha ya kusimama. Watu wanakaa.”

Akamwonyesha dawa yake. Kiolezo cha nyuma kinakatwa kwa mlalo usawa wa nyonga, kutoka katikati ya nyuma kuelekea mshono wa ubavuni bila kuufikia. Kinafunguliwa sentimita 2 kule katikati, na kule ubavuni kinabaki sifuri. Mshono wa kati wa nyuma unarefuka, kiuno hakivutwi tena mtu akikaa, na kwa nje hakuna anayeona kilichobadilika. Sampuli iliyofuata ilikaa. Binti aliniambia kwamba chuoni alichora suruali nyingi sana na hakuwahi kumwona mtu akizikalia.

Kile alichokuwa anakiita kupima mashati kilianza kugeuka hapo. Akaanza kuuliza kwa nini kitambaa kile kinaning’inia hivi, kwa nini kipande kile kikigeuzwa robo duara kinaokoa nguo moja katika kila kumi kwenye mpangilio wa kukatia. Kitambaa ndicho gharama kubwa kuliko zote kwenye nguo nyingi, na anayejua kupanga violezo juu yake bila kuharibu mtindo ana sauti mezani.

Pingamizi la mhadhiri wake

Mmoja wa wahadhiri wake alisikitika aliposikia. Hoja yake: akikaa huko miaka mitatu, soko litamwona fundi, na kurudi kwenye ubunifu kutakuwa kugumu. Sitaipuuza hoja hii. Kampuni zinapenda kuwaweka watu walipowakuta, na mtu anayetatua matatizo ya vipimo vizuri hana bosi anayetamani kumwachia aondoke. Nimeona wazuri wakizeeka kwenye chumba cha sampuli huku bado wanasema wanajiandaa.

Ninapotofautiana naye ni kwenye kile anachokiona kuwa hasara. Yeye anaona upande mmoja tu wa kurudi. Mimi naona njia zilizofunguka ambazo mchoro peke yake usingezifungua. Maduka yanatafuta wanunuzi wanaoweza kushika nguo na kujua kwamba mshono ule utafunguka baada ya kufuliwa mara tano. Makampuni yanahama kwenda kwenye sampuli za kompyuta za pande tatu (3D) kwa programu kama CLO na Browzwear, na programu hizo zinamtaka mtu anayejua kiolezo, kwa sababu kwenye skrini kiolezo kibovu hupendeza na kiwandani hukuaibisha. Kuna wanaobuni vitambaa na rangi za viti vya magari. Kuna nguo za kubana za wagonjwa wa mishipa, na nguo za watu wanaovaa wakiwa kwenye kiti cha magurudumu, ambao suruali ya kusimama haiwafai kabisa.

Kuna hata anga za juu. Suti za wanaanga waliotua mwezini 1969 zilishonwa na wanawake wa ILC, kampuni iliyokuwa na udugu na watengenezaji wa sidiria za Playtex, kwa cherehani na kwa usahihi ambao mafundi wa suti wangeuonea wivu. Mwaka 2023 kampuni ya Axiom Space ilitangaza kwamba Prada watashiriki kutengeneza suti mpya za safari ya mwezini. Sisemi kila mhitimu aende huko. Nasema ujuzi wa kufunika mwili unaosogea unahitajika mahali pengi kuliko kwenye jukwaa la maonyesho.

Na sheria nazo zinaongeza kazi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu ubunifu endelevu wa bidhaa, iliyoanza kutumika Julai 2024, inayakataza makampuni makubwa kuharibu nguo zisizouzwa kuanzia Julai 19, 2026, na inaandaa pasipoti ya kidijitali itakayobeba taarifa za bidhaa. Anayeuza kule atahitaji mtu wa kueleza nguo imetengenezwa na nini, inafumuka vipi, inarekebishika wapi. Mtu huyo anafanana sana na aliyezoea kuandika faili la kiwanda. (Ualimu wa chuo, uandishi wa mitindo na ustailisti navyo vipo, na vinaelezwa kila mahali, kwa hiyo sivirudii.)

Alipofikia sasa

Miaka yake miwili imepita. Rafiki yake alianzisha chapa bila yeye, kwa mtindo mmoja na rangi mbili kama tulivyoshauriana, na sasa anamlipa binti huyu amwandikie mafaili ya kiwanda nyakati za jioni. Urafiki umesalia, labda kwa sababu hawakuweka fedha zao kwenye mfuko mmoja.

Ndani ya kampuni, idara ya ubunifu ilitangaza nafasi ya mbunifu msaidizi. Aliomba kwa potifolio nyingine kabisa. Ukurasa wa kwanza una picha ya mwanamke aliyekaa, amevaa suruali aliyoibuni na kuikata mwenyewe, na mkabala wake jedwali la vipimo na maelezo mafupi ya kile kilichobadilishwa kati ya sampuli ya kwanza na ya tatu, na sababu zake. Michoro imebaki, ila kila mmoja umeongozana na nguo iliyotokana nao. Ile iliyokosa nguo ameitoa.

Wamempa nafasi hiyo. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko anaopata sasa, jambo la kawaida kwa anayehama kutoka ngazi ya kati ya idara moja kwenda ngazi ya chini ya nyingine, na mhadhiri wake angesema hiyo ndiyo gharama aliyoitabiri. Kabla hajasaini nilimshauri aombe jambo moja kwa maandishi: aendelee kuhudhuria vikao vya kujaribishia nguo, mitindo yake na ya wengine. Wabunifu wengi wasaidizi hawaitwi kwenye vikao hivyo, wanaletewa tu picha na maoni, na akikubali utaratibu huo atapoteza polepole kile hasa kilichomfanya aajiriwe. Mkuu wa idara amesema hana kipingamizi ila lazima amuulize mkuu wa chumba cha sampuli, ambaye ni yule mama. Barua ya majibu haijatoka.